Nilivyofuta Nyimbo za Akko

Nilifuta swali langu kabla mtu yeyote hajalijibu. Hapo ndipo nilipokosea, jamani, na aibu yote niliyo nayo leo inatoka hapo. Jina langu silitaji. Isiolo ni mji mdogo, na mama yangu bado anapita sokoni.

Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa kusoma kwenye simu na kurudiarudia. Kitu kikikaa upande kidogo, situlii. Nilipoweka Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kwenye kompyuta yangu kuukuu na ikaanza kwenda kama mpya, nilijiona fundi. Fundi wa wiki tatu!

Jirani yetu hapa mtaa wa Wabera, Mwalimu Qabale, ndiye aliyenifundisha darasa la nne. Kompyuta yake ilikuwa nzito, unaiwasha, unapika chai, unarudi bado haijafunguka. Akaniletea.

"Kijana yangu, nasikia wewe unafufua hizi vitu. Lakini chunga. Sauti ya mama iko ndani."

Mama yake alikuwa amefariki kule Kulamawe mwaka uliotangulia. Sote tulimwita Akko, yaani nyanya. Mwalimu alikuwa amemrekodi akiimba nyimbo za kukamulia, maana kila ng'ombe wake alikuwa na wimbo wake, na zile za kubembeleza watoto. Binti wa Mwalimu alikuwa mjamzito. Nyimbo hizo zilikuwa zinamngoja mtoto.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu," nikasema. Kwa mdomo huu!

Nilipoanza kazi, kompyuta ikaniuliza: niweke Linux kando ya Windows, au nifute diski yote? Kwangu nilikuwa nimebonyeza tu, sikuwa na cha kupoteza. Sasa nikasita. Nikaandika kwenye kundi letu la mtandaoni la watumiaji wa Linux: "Samahani, nikichagua kufuta, faili za mwenyewe zinabaki?"

Nikalisoma mara nne. Nikaona ni swali la mtoto. Na katika kundi hilohilo nilikuwa nimeshaanza kuwajibu wageni, tena kwa maringo! Nikalifuta. Nikajiambia kinachofutwa ni Windows tu. Nikabonyeza.

Nilipofungua pale nyimbo zinapopaswa kukaa, hapakuwa na kitu.

Ningezima mashine na kwenda kusema! Badala yake nikaanza kuipamba. Jina la Mwalimu nilikuwa nimelikosea herufi, nikaweka Linux upya. Saa ilikuwa ya nchi nyingine, nikaweka upya tena. Nadhani nilitaka kompyuta ing'ae hadi asahau kuuliza.

Aliuliza. Nikamwambia diski ilikuwa mbovu, imekufa yenyewe.

Aliifunga kompyuta polepole. "Alhamdulillahi. Basi, wewe umejaribu." Kisha akanipa chupa ya maziwa nimpelekee mama. Alinipa maziwa, mimi! Sikuweza kuyaonja.

Mtoto akazaliwa, msichana. Mama akanituma nipeleke chai kwa Mwalimu, nikakuta wanawake wamejaa sebuleni.

"Haya, tuwekee Akko amwimbie kitukuu," mmoja akasema.

"Alienda na kompyuta," Mwalimu akajibu. "Huyu kijana alihangaika sana."

"Kompyuta gani hiyo inakufa haraka kuliko mbuzi wa kiangazi?"

Wakacheka. Mwalimu pia alicheka, huku akimfuta mtoto mdomo. Nilitoka bila kuaga.

Siku hiyo ndipo niliporudisha swali kwenye kundi, safari hii na hadithi nzima. Mtu mmoja akanijibu kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko matusi: "Ungezima pale pale, pengine tungeokoa nyingi. Kila ulipoweka upya, uliandika vitu vipya juu ya zile nyimbo. Ndugu, hili swali tunaulizwa kila wiki. Hakuna anayecheka."

Hakuna anayecheka!

Kesho yake nikaenda. "Salaam aleikum, Mwalimu. Diski haikufa. Niliifuta mimi, halafu nikakudanganya."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliniangalia kama zamani darasani.

"Wewe ulikuwa unainua mkono mpaka kengele inalia. Unauliza hadi unanichosha. Nani alikunyamazisha?"

Nilijinyamazisha mwenyewe.

Tulichopata ni kipande kimoja tu, ambacho Mwalimu alikuwa amemtumia kaka yake wa Kinna kwenye simu. Hakifiki dakika. Akko anaanza wimbo, anakohoa, anauliza kama hiyo simu bado inamsikiliza, anacheka. Basi. Mtoto analazwa kwa hicho. Nyimbo za ng'ombe hakuna anayezijua zote.

Mwalimu ananisalimia vizuri. Kompyuta yake hajaniletea tena, na simlaumu.

Wewe unayeanza, nakuomba: uliza! Uliza hata kama swali lako linanuka ujinga. Watu wakicheka, watacheka dakika moja. Na ukiharibu, ondoa mkono, umwambie mwenyewe siku hiyohiyo.

Siku hizi mtu akiniletea kompyuta, namketisha kwanza na kumwuliza ni kitu gani ndani yake hakipatikani tena duniani. Tunakinakili pamoja, anakifungua mbele yangu, ndipo naanza. Nisipojua, naandika kwenye kundi, na swali naliacha lisomwe.