Siku Moshi Ulipotoka Kila Upande

Redioni wanasema tabianchi imebadilika. Mimi niliyelima mpunga tangu meno ya utoto nasema mvua imekosa adabu. Inaingia bila hodi, inaondoka bila kuaga, na sisi watu wa Kindu tunabaki na majembe mikononi tukitazamana.

Zamani haikuwa hivyo. Nasema zamani nikijua kwamba zamani hiyo ilikuwa ya vita, na wako watakaonishangaa kuikumbuka kwa hamu. Vita sivitamani hata kidogo. Ninayemtamani ni mama yangu wa siku zile.

Tulikimbilia porini, njia ya Pangi, mimi na mama tu. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Mama aliacha nguo zote nyumbani, akabeba kichwani bidoni ya plastiki ya njano iliyojaa mbegu za mpunga. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na kila nilipoisogelea ile bidoni alinitolea macho: "Usiguse! Hii haiko chakula, iko mbegu."

Mpunga wetu wa mlimani una masharti yake. Wakati wa kiangazi unakata msitu, unaacha miti ikauke, unachoma, kisha unapanda mvua za kwanza zikianguka. Ukichelewa kuchoma, mvua inalowesha kila kitu na mwaka wako umekwenda bure. Lakini moshi wa shamba ungewaonyesha wenye bunduki mahali tulipojificha. Tusipochoma, tusingekula.

Kila asubuhi mama alivunja vijiti vya ile miti tuliyokata, akasikiliza vinavyolia kama vimekauka. Siku moja aliridhika, akatazama juu, akasema mvua imekaribia. Akazunguka kwa familia nyingine zilizojificha karibu, ambazo nazo zilikuwa zimekata mashamba.

"Tuchome wote siku moja, saa ileile," aliwaambia. "Moshi ikitoka kila fasi, hawatajua waende wapi."

Mzee mmoja akapinga: "Mama, ukikosea utatuuwisha."

"Baba, mvua ikitupita, njaa itatuuwa mbele hawajafika."

Wakakubali, wengine kwa shingo upande. Kesho yake, jua likiwa kichwani, moshi ulipanda kaskazini, kusini, ng'ambo ya kijito, kila mahali. Tulilala kifudifudi kwenye matope ya kijito mpaka jioni. Hakuja mtu. Siku ya nne mvua ikanyesha, kama mama alivyosema.

Naikumbuka harufu ya jivu lililolowa. Mama alitangulia akitoboa mashimo kwa kijiti, mimi nyuma nikidondosha mbegu na kufukia kwa kidole cha mguu. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na chawa, na sijawahi kufurahi namna ile tena. Sioni aibu kulisema.

Siku hizi tunakaa Alunguli, mtaa wa Kindu, mama na mimi, na shamba letu liko nje ya mji. Mbegu ni zilezile. Kila mavuno tumetenga za mwaka unaofuata, hatujapanda za mtu mwingine.

Mwaka huu nilifuata yote aliyonifundisha. Mvua ikaja katikati ya kiangazi, ikalowesha miti. Nilichoma mara mbili, moto ukashika nusu shamba. Mvua za msimu zilipoanza nikapanda mbio, najiona fundi. Likafuata jua la wiki tatu. Miche ilikuwa na urefu wa kidole ilipogeuka njano na kukauka, yote. Mashamba ya majirani vilevile, na baadhi yao wametupa majembe wakaenda migodi ya Kampene kuchimba mawe yenye madini.

Mbegu zilizobaki zinatosha kupanda mara moja tu. Zikiungua na hizi, mpunga wa mama umekwisha duniani.

Juzi mawingu yalikusanyika. Mama alitoka akijishikilia ukutani, macho yake sasa hayaoni vizuri, akatazama juu kwa muda mrefu. Nikasubiri aniamuru, anifokee hata, kwamba nimezubaa. Akanigeukia.

"Mutoto wangu, tupande siku gani?"

Maisha yangu yote hakuwahi kuniuliza hilo. Nilitazama mawingu, sikuona kitu chochote cha kunisaidia.

"Kesho, mama," nikasema, kwa kuwa ilibidi mtu aseme.

"Aya, kesho," akaitika, ameridhika kabisa, akarudi kuketi. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia.