Sauti Yangu Ilipopiga Simu Bila Mimi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio. Ilikuwa Kayanga, kwenye chumba cha intaneti cha mfanyabiashara mmoja kutoka Bukoba tuliyemwita Bosi Mkubwa, ingawa bosi mdogo hakuwepo. Nilitoka Bugene kwa miguu na cheti changu cha darasa la saba mfukoni, na wala hakukitazama.

"Unaogopa jenereta?" akaniuliza.

"Siogopi."

"Basi umeajiriwa. Fagia, washa jenereta, na mteja akimaliza muda wake mwinue kwenye kiti, hata akiwa padri."

Ninyi vijana mnazaliwa intaneti ikiwa tayari kwenye simu ya mama. Siku zile mtu alipanda gari kutoka Kyerwa kuja kufungua barua pepe moja, akaisoma, akalia au akacheka, akarudi kwao. Mimi nilijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu. Adui wa wakati huo alikuwa virusi, yaani programu ndogo yenye nia mbaya, iliyosafiri kwa flashi kama kupe anavyosafiri kwa ng'ombe. Mwanafunzi mmoja anachomeka flashi yake, na kabla ya jioni kompyuta zote zinaugua. Bosi Mkubwa alimwita fundi kutoka Mwanza. Nilimtazama akifanya kazi, basi. Ugonjwa uliporudi, fundi alikuta nimeshausafisha, na nauli yake ikawa imekwenda bure.

"Nani amekufundisha?" Bosi Mkubwa akashangaa.

"Macho yangu."

"Mnyambo huyu hatari," akasema, akinitaja kwa kabila langu, na ufagio akapewa mwingine. Wapo wanaosema najisifu. Waseme. Nisipojisifu mimi, nani atatoka kwake asubuhi aje kunisifu?

Baadaye nilifungua meza yangu Nyakahanga, jirani na barabara ya kwenda hospitali. Wateja wangu wakubwa walikuwa manesi. Nywila, ambayo ni neno la siri la kufungulia simu au kompyuta, karibu wote waliweka jina la mtoto wa kwanza. Nilikuwa nawaambia, "Nesi, mtaa mzima unakuita Mama Jonia, halafu nywila yako ni Jonia?" Wanacheka, wanabadilisha, kesho wanarudi wamesahau ile mpya.

Sifa zilivuka kilima. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa upande wa Kyerwa kilianza kulipa wanachama kwa simu, kikanichukua kulinda mfumo wake. Katibu wa chama alikuwa mtu mkavu, asiyependa maneno mengi. "Fundi Deus," aliniambia asubuhi niliyoripoti, "hapa hatulindi kompyuta. Tunalinda jasho la watu. Ukilala, Kibingo nzima inalala njaa."

Sikulala. Nilikuwa na pua. Ujumbe wa kitapeli ukiingia kwa mkulima, ananiletea simu, nami natoa hukumu palepale. Tapeli wa enzi hiyo hakutujua. Alitangaza malipo ya kahawa wakati miti ina maua tu. Alimwita bibi wa miaka sabini "mpendwa." Alikuwa na haraka, na haraka ndiyo harufu ya mwizi. Redio ya jamii ikanipa kipindi cha kila wiki. Nilifungua kwa msemo wangu mwenyewe: "Namba ya siri haina mjomba!" Watoto wakawa wanaupiga kelele nikipita na bodaboda. Nani mwingine wa darasa la saba alisalimiwa hivyo, kutoka Bugene hadi mpakani?

Ndipo akaja Adventina.

Alitoka Muleba, ana digrii, cheo chake Afisa TEHAMA. Siku aliyoripoti alinipigia magoti kidogo kwa adabu, "Shikamoo mzee," nami niliitikia marahaba huku najisikia nimezeeka hapohapo nilipokaa. Katibu akampa kiti changu. Mimi nikahamishiwa meza ya dirishani, karibu na magunia ya sampuli.

Alikuja na programu ya akili mnemba, yaani mashine inayojifunza kutokana na mifano badala ya kuamriwa kila hatua. Programu hii ilitazama mwenendo wa kila mwanachama: anaingia kwenye mfumo kwa simu ipi, saa za namna gani, anafanya nini akishaingia. Kitu kikienda kinyume na mazoea yake, inapiga kelele na kuzuia.

"Na mimi nionyeshe namna ya kuifundisha," nikamwambia.

"Mzee, hii haifundishwi sana. Inajifunza yenyewe."

Aliyasema kwa upole, ndiyo maana yaliniuma zaidi. Mimi nilijifunza mwenyewe kwa miaka, kwa ufagio na moshi wa jenereta, na sifa ya kujifunza mwenyewe sasa apewe mashine! Nilimwonea wivu binti yule na programu yake. Wakulima walipoingia na simu zao walinipita dirishani, "Habari fundi," wakaenda kusimama mbele yake. Nilikuwa naomba kimoyomoyo ile programu ikosee hata mara moja.

Msimu wa kahawa ulipofika, Katibu aliniita ofisini. Ndani walijaa wanachama, wengine wamesimama na magwanda ya shambani. Mbele yao alikaa Bibi Koleta wa Kibingo, mjane, ambaye kwa kahawa ya msimu ule alikuwa amepania kuezeka upya nyumba yake. Niliamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia.

"Ni yeye," akasema kwa wote. "Amenipigia asubuhi, nikamsomea namba, na sasa akaunti yangu imefungwa. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Mimi? Sijakupigia bibi, waitu!" nikamsihi kwa lugha ya kwetu.

"Basi sikiliza," Katibu akasema, akaweka simu ya mwanachama mmoja mezani. Simu ile hurekodi mazungumzo.

Ikasema: "Namba ya siri haina mjomba! Ni mimi fundi wenu Deus. Mama, habari za kibanja, migomba inasemaje? Pole na kazi. Kuna wezi wanajaribu kuingia kwenye malipo yako, nataka niwazuie. Itaingia namba ya muda kwenye simu yako, nisomee tu taratibu, usiwe na haraka."

Ilikuwa sauti yangu, na kikohozi changu kidogo ndani yake. Namba ya muda ni ile inayotumwa na mfumo kuthibitisha kwamba mwenye akaunti ndiye anayebadilisha simu. Ukimsomea mtu, umempa ufunguo wa nyumba.

Niwaambie kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile. Kabla ya hofu, nilishikwa na wivu. Sauti ile ilikuwa na subira kuliko mimi. Mimi ningekuwa nimeshamkaripia mama wa watu. Yenyewe ilimngoja atafute miwani, ikamuulizia wajukuu, ikamsifu. Kama ningekuwa na ulimi ule tangu zamani, ningekuwa diwani.

"Sema basi," mwanachama mmoja akafoka. "Au fundi wetu ndiye mwizi mkubwa?"

"Mlinzi ndiye anayejua mlango mbovu!" mwingine akadakia, na watu wakacheka, kicheko kibaya.

Nilikuwa naona kazi ya maisha yangu inazama. Naapa kwa nani, wakati kinachonishtaki ni mdomo wangu? Mwenyekiti wa chama alikuwa ameshataja polisi. Adventina akasimama na kompyuta yake.

"Wazee wangu, naomba mtazame. Asubuhi programu imezuia majaribio matatu ya kubadilisha simu, mojawapo kwenye akaunti ya bibi. Hela yake ipo, haijaguswa. Sasa hawa watatu, kila mmoja anasema alikuwa kwenye simu na fundi wakati namba inaingia. Namba zote tatu zimeingia kwa dakika ileile. Fundi ana koo moja. Anawezaje kumngoja mmoja atafute miwani huku anaongea na wengine wawili?"

Akaeleza kwamba siku hizi mashine ikipata rekodi za mtu inajifunza kusema kama yeye, na kwamba vipindi vyangu vyote redio ilikuwa imeviweka mtandaoni, wazi kwa kila mtu. Kila nilipowaonya watu, nilikuwa nawalisha wezi.

Jina langu likaokolewa hivyo, na binti niliyemwombea aaibike. Nilimshukuru mbele za watu. Meno yalikataa kuachana vizuri, lakini nilimshukuru.

Katibu akatoa amri: kuanzia leo hakuna mwanachama atakayethibitishwa kwa sauti. Ukipigiwa, kata, kisha piga mwenyewe namba ya ofisi au njoo. Na wananchi waambiwe redioni wasiiamini sauti ya fundi Deus.

"Nikajitukane mwenyewe?" nikauliza.

"Kama ni vigumu, mzee, naweza kwenda mimi," Adventina akasema.

Hapo nikainuka kama niliyechomwa. Kiti nimempa, wateja nimempa, na redio pia? Nilikwenda mwenyewe. Nikasema: "Mimi ni Deus, mnanijua. Kuanzia leo mkisikia sauti hii kwenye simu inataka namba yoyote, kateni. Hata ikilia. Hata ikitaja jina la mama yenu. Msiniamini." Mtangazaji alinitazama kama anayemtazama mtu akisoma tangazo la msiba wake mwenyewe.

Siku chache baadaye mfumo wa malipo, uliokuwa umefungwa kwa uchunguzi, ulifunguliwa, nikampigia Bibi Koleta kumpa habari njema kwamba malipo yake yako tayari. Nilifika "Shikamoo bibi, ni Deus," simu ikakatwa. Nikapiga tena. "Fundi amesema tusikuamini, mshenzi wewe!" akakata.

Nikapanda bodaboda hadi Kibingo. Alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Alinitazama usoni muda mrefu ndipo akaitikia shikamoo yangu, akanikaribisha ndani. Nilipomweleza, alipiga kigelegele chembamba. Wakati wa kuondoka akanibebesha mkungu mzima.

"Webale muno bibi," nikamshukuru kwa lugha ya kwetu, moyo umejaa. "Umejisumbua kwa nini?"

"Si wako, mwanangu. Wa yule binti wa kompyuta. Mwambie paa langu ni yeye."

Niliubeba mapajani njia nzima, na niliufikisha.

Msimu ulipoisha niliomba kupumzika. Sikufukuzwa, andikeni hivyo. Ila mlinzi ambaye watu wamefundishwa kumkatia simu hawezi kulinda tena, na hilo nililifundisha mimi, wakalielewa vizuri kuliko yote niliyowahi kuwafundisha. Vijana mnaoingia kazi hii, pua kama yangu haitawatosha. Mwizi wa leo anajua kahawa inaiva lini na bibi anaitwaje. Jifunzeni mashine, na muwe na njia ya kuthibitisha isiyotegemea sikio.

Kipindi cha redio sasa anacho Adventina. Nakisikiliza kila wiki nikiwa shambani, na anaongea haraka mno, msemo wa kufungulia hana. Nilimwonya kwamba sauti yake nayo wataichukua. Mpaka leo hawajaichukua. Wezi wana akili, na pale Kyerwa walipotafuta sauti ambayo kila nyumba ingeifungulia mlango, walichagua yangu.