Kipimo cha Mgongo wa Dada

Dada yangu alipoacha kazi kwenye shamba la maua Naivasha, alikuja kwangu Kiamunyi na mgongo uliopinda kidogo, kama mlango uliolegea bawaba. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama, ameinamia meza, akipanga waridi kwa urefu. Sasa akapata kazi ya kompyuta: kusikiliza mikutano iliyorekodiwa ya watu wa mbali na kuandika wanachosema. Kazi ya kukaa, tukasema, ni mapumziko. Kufikia mchana alikuwa analala chali sakafuni, vipokea sauti vikiwa bado masikioni, na maandishi hayajafika nusu. Asiyemaliza kwa wakati hatumiwi kazi nyingine.

Mimi huandika riwaya, lakini kinachonilisha ni kuunda programu. Nikaiweka riwaya kando, nikamtengenezea programu yake. Kamera ya kompyuta ingemtazama, na akianza kujikunja skrini ingefifia mpaka ajinyooshe. Asubuhi ya kwanza nilimwambia akae wima kabisa, ili programu iushike mkao huo uwe kipimo.

"Hapa ndio mwisho," akasema, amebana pumzi.

Nikabonyeza.

Skrini haikufifia siku nzima. Nilijiona fundi. Jioni nikamkuta sakafuni palepale.

"Programu yako inanipenda," akasema. "Haijanigombeza hata kidogo."

Nikaelewa nilichofanya. Pale mgongo wake ulipokwama, mimi nilikuwa nimeifundisha mashine kwamba ndipo penye unyoofu.

Kesho yake nikakaa mwenyewe mbele ya kamera, mgongo wangu ukawa kipimo. Sasa ikawa balaa. Akijinyoosha, skrini inang'aa. Akiandika maneno mawili, inafifia.

"Wee, kuja hapa! Hii kitu yako inataka nini?"

"Ukae kama mimi."

"Kama wewe? Wewe ukikula si ni kama umeangusha shilingi kwa sahani unaitafuta?"

Tulicheka. Kisha akashika kiuno, maana hata kicheko kilikuwa kinamuuma.

"Toa hiyo kamera," akasema taratibu. "Huo mgongo sina. Niambie tu saa ya kuinuka. Nikiandika huwa nasahau."

Nikafuta karibu kila kitu nilichokiunda. Ilibaki kengele, jambo ambalo simu yoyote inaliweza. Ikilia, anatoka kwenda uani, anashika kamba ya nguo kwa mikono miwili, anajivuta polepole, anarudi. Maumivu hayajaisha. Siku nyingi kazi inaisha kwa wakati. Siku nyingine haiishi, na tunangoja kuona kama watamtumia tena.

Juzi kengele ililia, ikalia, na sikusikia kiti kikisogea. Nikaenda. Alikuwa ameegemea meza kwa viwiko, macho kwenye skrini.

"Ngoja," akasema, "huyu mtu hajamaliza kuongea."

Nikasimamisha sauti ya yule mtu. Nikampitishia mikono chini ya makwapa, naye akaniegemea kwa uzito wake wote, tukainuka.