Pikapu Iliyomshinda Nyanya

Elfu mia moja na kumi na mbili: hiyo ndiyo bei ya kuinua pikapu yangu inchi nne na kuitia tairi kubwa. Nilihesabu mara mbili, fundi wa Migori akashuka hadi mia na tano. Nilikuwa karibu kukubali, ila pale gereji nikaona mama mmoja akihangaika kupanda gari lililoinuliwa.

Nikamkumbuka nyanya, mama yake mama, alasiri moja kule Karungu, kando ya ziwa. Mvua ilikuwa imekatika, kukinuka matope na dagaa wa omena. Baba alikuwa ameinua pikapu yake kwa sababu ya matope hayohayo. Nyanya alitakiwa hospitali, kifua kikipiga mluzi, lakini mguu wake haukufika mlangoni. Baba alisimama mbali, akitazama ziwa.

"Baba, si umbebe!"

"Wewe, nyamaza."

Niliamini anamchukia. Sikujua kwamba kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake.

Kisha Baba akaingia garini, akaliteremsha polepole mtaroni, mlango ukawa sawa na ukingo aliposimama nyanya. Nyanya akaingia kama anayeingia jikoni kwake.

"Erokamano, mkwe," alishukuru, akitazama kando.

Wanaume sita walitusukuma kutoka mtaroni.

Sasa nami nina mama mkwe. Magoti yanamsumbua, na kila Sabato mimi humpeleka kanisani kwa barabara ya matope. Wenye pikapu, nishaurini: inchi mbili au nne? Kwake hakuna mtaro.