Kivuva na Kofia ya Nyaya

Kivuva hushona viatu Makongeni, na soli akiishona, imeshonwa. Miaka michache iliyopita alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, zikimtukana mchana kutwa. Dawa zimezituliza, siku hizi huzisikia kwa mbali tu, kama majirani wanaogombana ploti ya pili. Wengi walimkwepa. Nduku, msusi wa kibanda cha jirani, hakumkwepa hata siku moja, na Kivuva wa watu akampenda hadi akawa anashona kiatu kimoja mara mbili.

Basi kliniki ikamwomba ajiunge na utafiti wa watu wenye maradhi kama yake. Angevishwa kofia ya nyaya, asikilizishwe milio, na mashine ipime umeme wa ubongo wake unavyoitikia. Alikubali, Nduku akajitolea kumsindikiza, na hapo ndipo raha ilipomwisha. Mashine ikisoma kichwa chake mbele ya Nduku, si yote yatamwagika? Na Nduku akimkataa je? Hata hivyo umaridadi hakuuacha: alijipaka mafuta ya nywele mpaka kichwa kikang'aa.

"Aii, mzee! Na mafuta hivi nyaya hazitashika," alisema Muriithi, fundi wa mashine. "Lazima tuoshe."

Nduku alimwosha mwenyewe pale kwenye sinki. Kivuva alifumba macho akaomba povu lisiishe.

Kofia ilipokaa sawa, akamnong'oneza Muriithi, "Daktari, hii kitu itasema nafikiria nini?"

"Hapana, bana. Inaonyesha tu vile ubongo inashtuka ikisikia mlio. Mawazo yako ni yako."

Kivuva alishusha pumzi, kisha akanyong'onyea. Kumbe moyoni alikuwa ameitegemea mashine imsemee!

Milio ikaanza: ti, ti, ti, to. Alikuwa ameonywa asitikise hata taya. Alivumilia, akavumilia, kisha uvumilivu ukamshinda.

"Nduku, mimi nakupenda!"

Mistari kwenye skrini ikarukaruka. Muriithi akajishika kichwa. "Ai! Umeharibu kipimo. Tunaanza upya."

"Anza tu," Nduku akamwambia, akivuta kiti karibu. "Na wewe Kivuva, tulia. Kwani ulidhani nimefunga salon Ijumaa yote, wateja wananingoja, ndio nikuje kuona waya?"