Tisheti Nyeusi ya Mugendi

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Kiambere, kwenye uwanja wetu wa udongo mwekundu, wiki ile baada ya kumzika kaka yangu Mugendi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Kiangazi kilikuwa kimekaza hata mbuzi wakawa wanatafuna makaratasi, na mama alikuwa ameinama juu ya karai akifua nguo za marehemu. Kwetu nguo za mtu aliyefariki hazigawiwi zikiwa chafu. Hufuliwa zote, huanikwa, kisha jamaa na marafiki huja kuchukua. Mama alikataa msaada wetu. Alisema huko ndiko kumfulia mwanawe kwa mara ya mwisho, nasi tukamwacha.

Mugendi alikuwa fundi wa kupaka rangi. Alipanga chumba katika mtaa wa Dallas, kule Embu mjini, na kila alipokuja nyumbani nguo zake zilikuwa na madoadoa. Lakini roho yake ilikuwa kwenye muziki wa roki. Baba, mzee wa kanisa, aliyaita magitaa yale mlango wa jehanamu, kwa hiyo Mugendi alisikiliza kwa visikizio vya masikioni, kichwa kikitikisika kama cha mjusi juani. Mwaka mmoja kabla hajafa, yeye na Mwenda, fundi mwenzake kutoka Meru, walisafiri kisirisiri hadi Nairobi kuiona bendi waliyoipenda. Alirudi na tisheti nyeusi, na kifuani saini ya mwimbaji kwa wino wa rangi ya fedha. Haikusomeka, ilikuwa mikwaruzo mitupu, lakini mwenyewe aliikunja kama cheti cha ndoa. Hakuivaa tena. Alinionyesha mimi peke yangu, akanikanya nisiiguse na vidole vyangu vya ugali.

Figo zilipomshinda, nilipelekwa hospitalini kumwona. Uso ulikuwa umevimba, sauti imekwisha. Alisubiri mama atoke nje, akaninong'oneza, "Wanja, ile tisheti ni ya Mwenda. Mpatie. Na usiambie wazee nilienda ule muziki." Niliitikia kwa kichwa. Hakuniomba kitu kingine tena duniani.

Asubuhi ile ya kufua, mama aliitoa tisheti kwenye mfuko wa nguo za Mugendi, akaitazama kifuani, akatikisa kichwa. Aliona rangi ya kazi. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, kama alivyozoea kufanya kwa nguo za kazi za Mugendi, akaanza kusugua. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake nimeshika mtungi. Ningesema, ingebidi niseme yote, na baba alikuwa barazani na wageni wa kanisa. Niliamini wakijua wataichoma moto. Basi nikanyamaza, na wino ukageuka kijivu, ukatawanyika, mama akauandama kwa brashi na sabuni huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, hadi kikabaki kitambaa cheusi tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku ile nilikuwa mimi. Nilijichukia, nami sijaacha.

Jumamosi Mwenda alikuja na mashabiki wawili wa bendi ile, wote wamevaa nyeusi. Walikuwa na adabu kuliko wapwa wetu. Mama mwenyewe alimchagulia tisheti ile.

"Chukua hii, kijana yangu. Ilikuwa imeshika rangi hapa mbele, lakini nimetoa yote."

Mwenda aliikunjua. Alitazama kifua, akaigeuza nyuma, akarudi kifuani. Kisha akanitazama mimi, nami nikainamisha macho.

"Asante sana, mama," alisema. "Umeiosha mzuri."

Mwenzake mmoja alikwenda nyuma ya jiko akalia kwa kwikwi, na mama akamfuata kumpa pole.

Majuto ni mjukuu, na wangu amekua. Siku hizi vijana wa Embu hupiga picha na wanamuziki wao wakazihifadhi kwenye simu. Kanisa la marehemu baba lina magitaa na spika zinazotikisa mabati, na wazee wanapiga makofi. Jambo nililoliogopa kiasi cha kunyamaza halimshtui mtu tena. Mama amezeeka, macho yanamsumbua, na kila tukimtaja Mugendi husema kuna jambo moja linalomtuliza: alizisafisha nguo zote za mwanawe, hata ile tisheti iliyomtoa jasho, ikabaki bila doa. Hunigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwepo, nimthibitishie. Nami humwambia ni kweli, mama, ilitakata kabisa.