Mega za Kuazima

Walisema sitaweza. Jirani yangu wa Gihundwe, fundi cherehani, alisema mbele ya wateja wake: "Uko na diplome, na bado unaomba mega za intaneti sawa chumvi? Ile video utaiona mu ndoto."

Video yenyewe ilikuwa ya kwaya moja ya Bukavu, saa mbili nzima, iliyotolewa kwenye kaseti ya zamani. Kiongozi wa kwaya aliiweka mtandaoni, akaniruhusu niipakue. Marehemu baba aliimba humo besi, miaka ile tulipoishi huko Bukavu, ng'ambo ya mto. Mama alitaka kumwona kwenye skrini kubwa kabla ukungu haujamfunika macho. Kwenye simu aliona madoa tu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani juzijuzi, sina kitu. Nilicho nacho leo nimekijenga mwenyewe. Basi niliazima mabaki. Jioni, vifurushi vya siku vya majirani vikikaribia kuisha muda, niliketi kando ya mtu, laptop magotini, yeye akanifungulia mtandao wa simu yake.

Kwanza nilitumia programu ya kulipia, nakala ambayo rafiki aliivunja kufuli. Ilikuwa na vitufe vya kupendeza. Lakini mtandao ulipokatika ilianza upya, na mega za watu watatu zikapotea hivyo. Nikageukia programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Sifichi kasoro zake: haina vitufe, ni dirisha jeusi la kuandikia amri. Maelezo yake ni ya Kiingereza, diplome yangu ni ya Kifaransa. Tovuti ikibadilika kidogo inagoma hadi utafute toleo jipya, na hakuna wa kumpigia simu. Wengi wangeiacha. Mimi niliishinda kwa siku nne. Mtandao ulipokatika kwa muuza vitenge, iliendelea palepale kwa dereva wa moto, yule wa pikipiki.

Jioni zile nazikumbuka kama jioni moja ndefu: ziwa chini limekuwa rangi ya maziwa, asilimia zinapanda taratibu, nami nasikia besi ambayo bado haijafika.

Ilipofika, televisheni iliikataa faili. Kichezaji huria cha video kilicho kwenye laptop hakikuuliza kitu. Nikaunganisha waya, nikaongeza mwanga, nikakuza safu ya nyuma, nikapandisha sauti mara mbili ya kawaida. Picha ilitawanyika kidogo, kama kitu kinachoonekana chini ya maji. Mama alisogeza kiti hadi magoti yakagusa meza.

"Ule wa pili," akasema. "Ni papa yako. Anaangalia viatu."

"Alikuwa anaogopa watu?"

"Aliogopa kuchafua. Viatu vilikuwa vya kuazima."

"Alivirudisha?"

"Siku ileile, mbele hata ya kula."

Akaimba naye ubeti mzima kwa sauti ndogo. Mimi nikaanza kuhesabu wadai wangu. Walikuwa sita.

Nilipopata malipo yangu ya kwanza, kwa kumwekea mteja video za harusi kwenye simu, nilitenga pesa za vifurushi sita, nikapita mlango kwa mlango. Wa mwisho alikuwa fundi cherehani, ambaye naye alinifungulia mtandao jioni moja.

"Ndugu, zile mega zilikuwa zinakufa tu," akasema, mguu ukiwa kwenye cherehani.

"Nipe namba yako."

Akanitajia. Nikamtumia kifurushi, simu yake ikalia katikati ya vipande vya kitambaa. Akaitazama, akaendelea kushona.